Sola Mbili za Mzee Breki

Mzee Breki hakuitwa hivyo kwa ukali. Aliendesha lori la mizigo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi hadi zikawa nyeupe pe, na hakuwahi kuanza kuteremka mlima bila kushuka kwanza, akainama, akakagua breki kwa macho yake mwenyewe. Matingo, wasaidizi wake wa lori, walimcheka, wakambandika jina hilo, na wote wakastaafu wakiwa hai.

Yeye alipostaafu, lori lilirudi kwa mwenyewe, lakini tabia ilikuja naye nyumbani. Gari lake sasa lilikuwa umeme wa jua: paneli juu ya bati, inveta ukutani sebuleni, na betri kubwa aliyoijengea sanduku la mbao lenye matundu ya hewa. Asubuhi, kabla bati halijapata moto, alipanda ngazi na kopo la maji na kitambaa laini, akaifuta paneli taratibu kama anayemfuta mtoto uso. Kisha alishuka, akagusa waya mmoja mmoja, akasoma namba kwenye kioo cha inveta na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Hapo ndipo alipokubali kunywa chai.

Haya yote yalikuwa kwa ajili ya mkewe. Mapafu ya mama huyo yalikuwa yamechoka, na daktari aliagiza mashine ya oksijeni isikae mbali naye. Umeme wa nguzo nao ulikuwa mgeni asiyebisha hodi wala kuaga. Ukikatika, inveta ilipokea, na mashine ikaendelea kunguruma chumbani bila mgonjwa kujua kilichotokea.

Mkamwana wake alihamia hapo na watoto wawili baada ya mumewe kupata kazi mbali. Alikuwa msusi, mwenye mdomo mwepesi na mikono myepesi zaidi. Wiki hiyo hiyo, umeme umekatika, alichomeka draya ya nywele kwenye soketi ya sebuleni. Inveta ilipiga yowe, ikazima. Chumbani mashine nayo ikaanza kulia. Mzee alifika akitembea haraka, jambo ambalo watu hawakulizoea, akaichomoa draya, akawasha upya, akasubiri mpaka aliposikia ule mngurumo.

“Mwanangu,” akasema kwa upole, “hilo ni ng'ombe. Kwenye gari la abiria hatupandishi ng'ombe.”

“Samahani, Baba. Na pasi je?”

“Hiyo ni ng'ombe mwenye mimba.”

Msusi alicheka, ila moyoni alinuna. Aliona mzee anaibania nyumba nzima. Friji ilikuwa na zamu yake, televisheni aliiita abiria wa kusimama, na hata kuchaji simu kulikuwa kwa ruhusa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye aliubeba wa mzee kwa mdomo tu.

Lakini kilichomuudhi kuliko vyote ni ile paneli ndogo. Ilikaa peke yake juu ya bati la jikoni, na waya wake ulishuka hadi kwenye betri kuukuu ya lori, chini ya meza ya watoto. Kazi yake ilikuwa kuwasha balbu moja tu, ya kusomea.

“Baba, si uiunge na ile kubwa? Mbili zikiwa pamoja tungepata nguvu zaidi.”

“Hapana. Kila moja na njia yake.”

“Kwa nini?”

“Kila moja na njia yake,” akarudia, akaenda zake kutafuta kopo.

Msusi alimpigia mumewe simu, akamwambia baba yake amekuwa mkaidi, na kwamba uzee ukikutana na bisibisi hakuna wa kuushauri.

Kisha transfoma ya mtaa ikalipuka. Mafundi walikuja, wakaitazama, wakaahidi kurudi. Kana kwamba hilo halikutosha, mawingu yakatanda na mvua ikaweka kambi. Paneli ilipata mwanga kidogo mno, na namba kwenye kioo cha inveta zikaanza kushuka.

Mzee alianza kuteremsha abiria, na wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Redio yake, ambayo kwayo hakukosa mechi hata moja, aliichomoa na kuifunika kwa taulo. Baada yake ikafuata televisheni, kisha friji, kisha taa zote. Chakula kililiwa kwa mshumaa. Siku ya mechi kubwa alisimama kwenye ua chini ya mwavuli, sikio kaliegemeza upande wa jirani, akisikiliza magoli ya kuazima. Msusi alimwona kupitia dirisha, na kwa mara ya kwanza akauonea aibu ule mnuno wake.

Mashine peke yake ndiyo iliyobaki ikila betri ile kubwa. Mjukuu mkubwa, binti aliyekuwa akikaribia mtihani, alisomea chini ya balbu yake, nayo ilianza kufifia kwa sababu ya mawingu yale yale.

Jioni moja msusi alipita mlangoni kwa mama mkwe akashtuka. Chumba kilikuwa kimya. Mama ameketi kitandani, plagi mkononi, midomo imebadilika rangi.

“Mama! Unafanya nini?”

“Nyamaza,” akanong'ona, akitafuta pumzi kati ya neno na neno. “Taa ya mtoto… inafifia. Nimempunguzia… kidogo.”

Msusi alipiga kelele. Mzee akaingia. Alichukua plagi, akaichomeka, akamrekebishia mkewe mrija puani, akamshika mgongo mpaka pumzi ikarudi. Aliyeshuka milima yote ile alikuwa ameogopa, na hakujaribu kuficha.

“Tena?” akasema. “Tena, mama watoto?”

Ndipo msusi alipojua, mzee akimweleza kwa maneno machache. Zamani nyumba ilikuwa na sola moja tu, na wajukuu walipokuja likizo, mama alikuwa akizima mashine kwa siri ili watoto wapate mwanga. Siku moja mzee alimkuta sakafuni, hajitambui. Hakumwambia mtu, maana hakutaka mkewe aonewe huruma. Alinunua paneli ndogo, akatoa betri kuukuu stoo, akatenganisha njia.

“Nilikwambia taa ya watoto ina betri yake,” mzee akamwambia mkewe.

“Ulikuwa unanituliza tu. Umeme ni umeme.”

Mzee alikwenda kwenye meza ya watoto, akachomoa waya uliotoka kwenye paneli ndogo, akaikumbatia ile betri ya lori kifuani, balbu ikining'inia ikiwaka. Binti alimfuata na vitabu. Aliingia nayo chumbani akihema, akaitua sakafuni mbele ya kitanda.

“Haya, tazama. Betri hiyo. Taa hiyo. Waya wako uko wapi hapo?”

Mama alitazama chini, akatazama ukutani, akatafuta. Hapakuwa na waya.

“Hata ungejinyima mpaka kesho,” mzee akasema, “isingeng'aa zaidi hata kidogo. Ungekufa bure, na mtoto angebaki na giza lile lile.”

Mama aliegemea mto, mashine ikinguruma pembeni yake. Kisha akamwita mjukuu kwa kiganja, akampisha nafasi kitandani.

“Haya, soma, bibi yangu. Soma kwa sauti, nami nisikie.”

Binti akaanza kusoma habari za mizizi na majani, chini ya balbu iliyofifia. Mama akalala chali, akavuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta nyingine, bila kuiomba radhi nyumba nzima.

Asubuhi mawingu yalipasuka. Mzee alitoka na kopo lake, akakuta ngazi imeshaegemezwa ukutani. Juu ya bati, kitambaa laini mkononi, alikuwa mkamwana wake, anaifuta ile paneli ndogo.

“Taratibu pembeni hapo,” mzee akamwambia kutoka chini.

“Kunywa chai, Baba,” akajibu. “Breki nimeshakagua.”