Mjomba Niliyemsingizia

Siku hizi kliniki yetu ya Jumatano, hapa mjini Kakamega, ina viti vya plastiki na mashine ya kuita namba. Watu husema ni maendeleo. Mimi nalitamani lile benchi la mbao lililokuwa likituchana sketi, kwa sababu hapo ndipo nilipompata rafiki ambaye sikumtafuta.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, tena mkali, wa kusahihisha hata salamu. Kisha mwaka mmoja akili yangu ikachoka. Nilisimama mbele ya darasa la sita na chaki mkononi, neno lisitoke, nikalia hadi watoto wakaenda kumwita mwalimu mkuu. Nikapewa likizo, daktari akaniandikia dawa, nami nikawaambia majirani zangu wa Shieywe kwamba nina presha. Presha ni ugonjwa wa heshima. Nilichoogopa kuliko kifo ni kuitwa mwendawazimu, maana mzazi gani angeniachia mtoto wake tena?

Kila mwezi nilikaa mwisho kabisa wa benchi, leso usoni. Mwezi wa tatu nilikuta limejaa. Mzee mmoja mkata miwa kutoka Kabras, viganja vigumu, koti limechujuka, akasogea na kupigapiga ubao.

"Mwarimu, kuja. Nimekuwekea mahari."

Aliniita hivyo kabla hajaijua kazi yangu. Baadaye aliniambia nilikuwa nawatazama watu kana kwamba natafuta makosa. Na ugonjwa haukuwa umeniondolea ualimu.

"Mahali, mzee," nikasema. "Mahari ni ng'ombe."

Akafikiri kidogo. "Ng'ombe mimi nitatoa wapi? Nakatanga tu miwa."

Benchi zima likacheka, nami nikacheka pia, mara ya kwanza baada ya miezi mingi, hadi mbavu zikaniuma.

Tangu hapo tulikaa pamoja. Alinieleza, bila hata kunong'ona, kwamba yeye husikia sauti za watu wasiokuwepo. "Zinarudianga," alisema, "rakini siku hizi zinapiga hodi kwanza." Alikuja na viazi vitamu vilivyofungwa kwenye gazeti, tukavila mimi na yeye huku tukingoja. Sasa amehamia kwa binti yake, kule Lugari, na sijala viazi vitamu kama vile tena.

Basi Jumatano moja mama wa mwanafunzi wangu alikuwa akipita kwenda maabara, akaniona, akasimama.

"Mwalimu? Unafanya nini huku?"

"Nimemleta mjomba," nikasema, nikimwonyesha mzee. "Ndiye mgonjwa."

Ulimi hauna mfupa. Kwetu mjomba ni mtu wa kuheshimiwa, hasingiziwi ovyo, na huyu hata hakuwa wangu. Mzee alinitazama, kisha akamgeukia yule mama.

"Ni kweri, mama. Kichwa kibaya ni changu. Huyu mtoto wa dada yangu ananiretanga tu."

Mama akampa pole, akabaki pale akiniuliza nitarudi shule lini. Ndipo muuguzi akatoka mlangoni na kuita majina yangu yote matatu. Sikutikisika. Akaita tena. Nilijua akirudisha faili langu nitaondoka mikono mitupu, na nyumbani nilikuwa nimemeza kidonge cha mwisho jana yake. Mzee hakunitazama. Alisema polepole, macho yake mlangoni:

"Ukikosa dawa reo, ukizidiwa, mwezi ujao mimi nitaongea na nani?"

Machozi yakanilenga. Nilimwonea haya yule mama, lakini nilimwonea mzee haya zaidi. Nikasimama.

"Jina hilo ni langu," nikamwambia mama. "Mgonjwa ni mimi. Na huyu si mjomba wangu. Ni rafiki yangu."

Kisha nikaenda kumwitikia muuguzi.