Mtani Wangu na Tundu la Kwenye Kiini

Mwishoni mwa miaka ya themanini, kiwanda chetu cha kuchambua pamba pale Shinyanga kilikuwa na kompyuta moja tu. Yenyewe ilikaa chumbani na feni yake, sisi tukaitumia kwa skrini zilizotawanywa ofisini. Kila mtu alikuwa na neno lake la siri. Lile la kuingia kila mahali nilikuwa nalo mimi peke yangu, na nilijidai nalo. Kwa nini nisijidai?

Asubuhi moja nikawasha skrini, nikakuta imeandikwa: Msukuma, leo umekula michembe mingapi? Michembe ni viazi vitamu vyetu vya kukausha; nikajua ni nani. Mhasibu wetu alikuwa Mzaramo, na Mzaramo na Msukuma ni watani wa kutaniana na kuzikana tangu enzi za mababu. Nikabadili neno la siri. Kesho yake nikaulizwa na skrini hiyo hiyo kwa nini nimebadili. Loo, nilichemka!

Meneja, Msukuma mwenzangu, naye akakuta salamu kama hizo kwake, akaniita. Akasema neno la siri ninalo mimi, basi ama nimeligawa ama sijui kulitunza, na msimu wa pamba ukifunguliwa hali ikiwa bado hivi, kazi sina. Ningeweza kumtaja mhasibu. Lakini mtani hashitakiwi, hata kumnunia ni aibu.

Nikamkamatia baiskeli, nikaifungia stoo ya magunia. Mtani akikamata mali yako huendi polisi, unaikomboa. Akaja na soda. Nikainywa, nikamwambia baiskeli haitoki mpaka anionyeshe anapopita.

Akanionyesha. Tundu lilikuwa kwenye kiini cha mfumo, ile programu ya ndani kabisa inayoamua nani aguse nini. Ukikipa kiini jina refu kupita nafasi yake, herufi za ziada zilimwagikia pale kilipoweka cheo cha mtumiaji, na mhasibu akageuka mkuu wa mashine. Mie nabadili kufuli, kumbe mwizi anapitia ukutani.

Nikawaandikia wakala wa mashine Dar. Kiraka cha programu cha kuziba tundu kikaja kwa treni, kwenye kanda. Nikawatoa watu wote kwenye skrini, wakanung'unika weee, nikakipachika, nikazima mashine na kuiwasha tena, roho mkononi. Kisha nikamwita mtani mbele ya meneja aandike jina lake refu. Mashine ikamkatalia. Akarudia, ikamkatalia. Raha niliyoipata siwezi kuisimulia.

Ila meneja si mjinga. Akamtazama mhasibu, akanigeukia, akasema nitamke tu kwamba ndiye huyu, leo leo aondoke. Mtani akainamisha kichwa. Alikuwa na watoto wanasoma pale mjini.

"Mzee," nikasema, "ukimfukuza huyu, mimi atanizika nani?"

Meneja, ambaye watani wake ni hao hao, akatoka zake. Mtani akajifuta jasho, akachukua rula mezani, akaanza kunipima urefu huku akilalamika kwamba kaburi langu litamvunja mgongo.