Mume Wangu Hakuwa Mkandarasi

Nasikia waandishi hupata wazo la kitabu wakitazama mlima. Mimi nililipata nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, mstari wa mbele, wasifu wa mume wangu ukisomwa kando ya jeneza lake. Aliyeusoma ni wifi yangu, dada yake wa kumfuata, ambaye pia ndiye aliyeuandika kwa niaba ya kamati ya mazishi. Alisoma vizuri. Kwa mujibu wa wasifu huo, marehemu alikuwa mkandarasi mashuhuri, mcha Mungu, mwenye tabasamu kwa wote, na aliugua kwa muda mfupi. Nilitazama jeneza nikajiuliza kama nimeketi katika hema la wenyewe.

Mume wangu alikuwa fundi wa mawe. Alijenga vyoo, madarasa na maduka kutoka Kanyakine mpaka Kangeta, na nyumba yake mwenyewe ikabaki kwenye lenta, bila paa, kwa kuwa hakuwa na muda wa mteja asiyelipa. Kanisani alienda Krismasi, na siku ile ukuta wa kanisa ulipopata ufa. Hakumtabasamia mtu kabla ya chai. Na huo muda mfupi wa kuugua ulikuwa miaka ya kisukari alichokiita uchovu na kukitibu kwa soda. Huyo ndiye niliyempenda. Mkandarasi sikuwahi kujulishwa kwake.

Mjane hanyoshi mkono mazishini kusahihisha. Tena mimi ni mtu wa Embu niliyeolewa Meru, na Kimeru changu huchekwa hadi leo. Katika boma lile, wifi ndiye pekee aliyekuwa akinirekebisha bila kucheka. Lakini niliona jinsi watoto wa ukoo walivyokuwa wakisikiliza, nikajua watakua wakimkumbuka mkandarasi, na yule fundi atakufa mara ya pili, safari hii bila hata maombi. Nikaamua kumwandika jinsi alivyokuwa. Niliandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichochumbiana nacho, kila mmoja akikiharibu kwa zamu. Shule niliachia kidato cha pili, kwa hiyo kitabu hakikusumbuliwa sana na elimu.

Nilimpigia simu mchapishaji mmoja wa Nairobi. Aliuliza kitabu ni cha darasa la ngapi. Nikamwambia ni cha watu wazima. Alinitakia siku njema, na kwa kweli alisikika akinionea huruma.

Basi nikawa mchapishaji wa kitabu changu mwenyewe. Ni cheo kikubwa. Maana yake ni kwamba hakuna wa kukukataa ila wasomaji.

Nilishauriwa kwamba kitabu lazima kihaririwe, nikampelekea mwalimu mmoja mstaafu. Alinirudishia karatasi zikiwa nyekundu kama zimechinjiwa kuku. Nilipoandika "alikuwa mkaidi" aliweka "alikuwa mwenye msimamo thabiti". Nilipoandika "akafa" aliweka "akaikabidhi roho yake kwa Muumba huku akitabasamu".

"Mwalimu," nikamwambia, "wewe hukuwapo. Alikuwa anauliza nani amechukua pima maji yake ya kunyooshea ukuta."

"Mama, kitabu ni lazima kiwe na maadili."

Nilichukua koma zake nikamwachia maadili.

Mpiga chapa nilimpata mjini Meru, ghorofani, juu ya duka la dawa. Kijana wa kompyuta aliniona na kitambaa changu kichwani na bahasha kifuani, akasimama kwa heshima.

"Pole sana, mama. Mazishi ni lini?"

"Alizikwa mwaka juzi."

"Aa, ni ya ukumbusho. Kurasa nane ama kumi na mbili?"

"Ni kitabu. Kurasa mia na kitu."

Aliacha kutafuna chingamu yake. "Mia? Mama, na watu watasoma saa ngapi na kuna laini ya chakula?"

Nilimweleza polepole. Aliitikia kila neno, kisha akauliza kama nyimbo nitaziweka mwanzo au mwisho. Nilipompa picha ya jalada, mume wangu akiwa kazini na mwiko mkononi, aliisogeza mbali na macho.

"Hii imejaa vumbi."

"Ni simiti."

"Itatoka vibaya. Lakini usijali, mzee tuko na yeye kwa mashine."

Akabonyeza hapa na pale, na kweli, mume wangu akatokea kwenye kioo, ndani ya suti aliyoazimwa kwa harusi ya mtu. Wao ndio waliochapa programu ya mazishi yake. Kumbe alikuwa amebaki humo muda wote huo, akingoja kazi nyingine. Nyuma yake waliweka njiwa na ngazi inayopanda mawinguni. Njiwa nilifanikiwa kuwafukuza. Ngazi nikaambiwa imeshikana na fremu, haitoki. Mume wangu angeuliza kwanza imeegemea nini.

Vitabu vilipotoka nilivinusa, kama wanavyofanya waandishi. Vilinuka programu ya mazishi.

Nilianza na duka la vitabu la Embu, kwetu, nikidhani nyumbani hakukosi huruma. Mwenye duka alikigeuza nyuma na mbele.

"Iko kwa silabasi?"

"Hapana."

"Ni ya dini?"

"Hapana."

"Inafundisha watu kutajirika?"

"Ni kuhusu mume wangu. Alikuwa fundi wa mawe."

"Pole, mama."

Hiyo pole nilipewa mahali pengi kuliko pesa. Alikubali nakala chache kwa mali kauli, nilipwe zikiuzwa, akaziweka nyuma ya majalada ya daftari, mahali ambapo hata panya angehitaji kuelekezwa.

Nikabaki na tumaini moja. Ukoo ulikuwa umepanga ibada ya shukrani na kufunua msalaba kaburini, ambayo huko Meru husubiri watu walipwe kahawa yao. Hema lingejaa watu waliomjua. Sikuwa nimemwambia yeyote wa boma kuhusu kitabu, kwa kuwa niliogopa kamati isije ikakaa kukijadili. Nilibeba katoni mapema, nikaiweka kwenye meza ndogo mlangoni mwa hema, nikaegemeza kadibodi yenye bei, kisha nikaenda jikoni mara moja kuangalia mukimo.

Niliporudi katoni ilikuwa tupu. Wifi yangu, amevaa kitenge cha familia, alikuwa akipita mstari kwa mstari akigawa.

"Huko nyuma mmepata programu? Mzee, chukua. Mpitishie mama."

Aliponiona alinishika mkono. "Wifi, si ungeniambia umechapisha programu! Na nzito hivi! Umetuheshimu sana."

Angejuaje? Picha ni ile ile, suti ni ile ile, ngazi ya mbinguni ipo. Tangu lini mtu akauziwa programu ya marehemu? Kadibodi yangu ya bei ilikuwa imekaliwa na mtoto kwenye nyasi. Watu wakaanza kujipepea na kazi yangu. Jua lilikuwa kali, na lazima nikiri ilipepea vizuri kuliko programu za kawaida.

Ndipo mchungaji akasema, "Tufungue programu zetu, ukurasa wa kwanza. Dada ya marehemu atatuongoza."

Nilitaka kusimama. Nikachelewa.

Wifi alishika maikrofoni, akaweka miwani sawa, akasoma kwa sauti ile ile ya siku ya mazishi: "Mume wangu hakuwa mkandarasi. Alikuwa fundi wa mawe, na alikuwa mkaidi. Siku tuliyokutana alinitukana kwa sababu nilikanyaga simiti yake mbichi."

Akageuza kitabu, akatazama jalada. Hema lote likanyamaza, ila vitabu, vilivyoendelea kupepea. Kisha kutoka nyuma kabisa, walikoketi mafundi wenzake, mtu akacheka.

"Sasa huyo ndiye yeye!"

"Hata mimi alinitukana!" mwingine akadakia. "Kwa ajili ya tofali moja!"

Mchungaji akaanzisha wimbo haraka, bila kuuliza upo ukurasa gani.

Nasikia vitabu huzinduliwa na wageni mashuhuri, na nakala ya kwanza hupigwa mnada. Uzinduzi wangu ulikuwa huo. Vitabu viliisha vyote kabla ya chakula, jambo ambalo waandishi wengi hawawezi kulisema. Baadaye, nikipita mtaa wa Majengo, muuza njugu alinifungia njugu kwa ukurasa wa harusi yangu. Niliusoma nikila. Si vibaya.

Lakini wifi hakuniaga siku ile. Aliondoka na kitabu chini ya kwapa bila kunitazama, na wiki zikapita simu yake kimya. Hapo kejeli zangu ziliniishia. Kumwandika mume wangu sawasawa halafu nimpoteze dada yake, hiyo hesabu hata mtu wa kidato cha pili anaijua.

Alikuja Jumamosi moja asubuhi nikichambua maharagwe. Hakubisha hodi. Aliketi, akatoa kitabu mkobani, kurasa zimekunjwa masikio kila mahali.

"Umeandika ndugu yangu hakumaliza nyumba yake."

"Haikuisha, wifi."

"Najua haikuisha! Si naiona nikipita? Lakini ilikuwa lazima Meru yote ijue?"

"Meru yote inapita barabara hiyo hiyo."

Alifyonya. Akafungua pengine. "Na hapa, eti alikuwa akiimba kama mlango."

"Alikuwa anaimbaje?"

Mdomo ulimchezacheza. "Mlango una afadhali," akasema, kisha akakaza uso tena. "Lakini hapa umesema uongo. Hapa." Akagonga ukurasa kwa kidole. "Umeandika hukuwahi kumwona akilia, na kwamba huenda hakujua kulia."

"Sikuwahi."

"Wewe hukuwahi. Mimi nilimwona." Alivua miwani. "Alipokuwa anajengea kaburi la baba. Alifukuza vibarua wote, akachanganya simiti peke yake. Nikampelekea uji, nikamkuta amepiga magoti, macho yamevimba. Akaniambia ni simiti imemwingia. Nami nikaenda kumletea maji ya kunawa. Kumbe! Nimekuja kuelewa juzi nikisoma huu upuuzi wako."

Maharagwe yaliniponyoka. Nilimwomba aseme tena, akasema tena.

"Sasa ungeiandika hiyo," akasema.

"Kitabu kimeshachapwa, wifi."

"Kwani biro zimeisha dunia hii?"

Akavuta ya kwake mkobani, akasogeza ungo wangu kando, akaanza kuandika pembeni mwa ukurasa kwa herufi ndogo ndogo. Alipomaliza alinipa nisome. Alikuwa ameandika: "Marehemu, akibubujikwa na machozi ya huzuni, alinena akisema, Hakika, dada mpendwa, simiti imeniingia machoni."

Nikamrudishia. "Hakusema hivyo."

"Ni Kiswahili kizuri."

"Ni kizuri. Yeye alisema nini?"

Alinikazia macho, yule mwandishi wa kamati, biro hewani. Kisha akainama, akakata mstari wote, akaandika upya chini yake:

"Alisema, simiti imeniingia. Weka uji hapo uende."

"Na aliunywa?" nikauliza.

"Alisema hauna sukari."

"Iandike pia hiyo," nikamwambia, na akaandika.