Pua ya Mama Pacha

Wali uliungua Jumapili mchana, na Baba Pacha alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka jikoni, anasoma gazeti. Mama Pacha alikuwa nje akianua nguo, na harufu ikamfuata huko huko kwenye kamba. Akaingia mbio, akaepua sufuria kwa upindo wa gauni, akamgeukia mumewe.

"Baba Pacha! Moshi wote huu, na wewe umekaa hapo kama sanamu?"

"Sikuuona."

"Nani kakwambia uuone? Harufu husikii?"

Akalikunja gazeti taratibu, likawa dogo, likawa dogo zaidi. Hapo mkewe akajua kuna jambo. Miaka ishirini na sita ya ndoa, mwanamume huyu alikuwa akinusa maziwa leo na kusema yatachacha kesho.

"Sisikii," alisema. "Tangu yale mafua. Wiki ya tatu sasa. Sisikii hata kitunguu, Mama Pacha."

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kutaniwa likaisha. Lakini Baba Pacha alikula kwa pua. Alikuwa mkuu wa kaunta katika baa moja ambayo watu waliiita Kwa Vinyago, maana kuta zake zimejaa sura za mbao zilizotoa meno, dari ya zege imefunikwa makuti, na vinywaji huletwa katika vikombe vya udongo vyenye nyuso za watu walionuna. Kazi yao ni kokteli za ramu: ramu nyeupe na ramu nyeusi, maji ya ndimu, juisi ya nanasi, shira za kila namna, barafu iliyopondwa, na jani la mnanaa juu. Kabla kinywaji hakijatoka, Baba Pacha huchovya mrija, huuziba juu kwa kidole, huonja tone moja. Tone hilo ndilo lililosomesha pacha wao wawili wa kike mpaka wakaolewa.

Daktari alikuwa amemwambia asubiri. Pua ingerudi baada ya mwezi, au baada ya mwaka, au isirudi.

"Na bosi anajua?"

"Akijua nimekwisha. Nani atampa gari dereva kipofu?"

Siku zote hizo alikuwa akichanganya kwa kipimo alichokihifadhi kichwani, na kuonja kwa kujifanya. Lakini Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kinywaji kipya. Kila mwaka mkuu wa kaunta humtengenezea bosi kinywaji ambacho hakijawahi kutengenezwa, na asipokiweza, kaunta inakwenda kwa mwingine. Mwingine alikuwepo tayari, dada mmoja mwepesi wa mikono waliyemwita Chapuchapu. Na kinywaji kipya hakina kipimo cha kukumbuka.

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani na kiongozi wa kwaya. Tangu arusi yao kulikuwa na sheria moja: ya baa yaishie baa. Hakuna hata kizibo kilichowahi kuvuka kizingiti. Siku mbili alimwomba Mungu, na siku mbili hakupata jibu zaidi ya ule uso wa mumewe mezani, anatafuna chakula kama anatafuna karatasi. Siku ya tatu akapiga moyo konde.

"Zilete hizo ramu. Nitanusa. Sitakunywa."

"Una hakika, mama?"

"Sina. Zilete kabla sijabadili mawazo."

Akazileta katika vichupa vya dawa ya kikohozi, vimefungwa gazeti, ndani ya kopo la chakula. Wakakaa alasiri mezani pa kushonea, mlango umekomewa, cherehani imesogezwa pembeni. Ramu nyeupe alisema inanuka kama spiriti ya sindano, lakini kuna ndizi imejificha nyuma. Ramu nyeusi akainusa mara mbili.

"Hii ni sukari iliyoungua chini ya sufuria," alisema. "Na ganda la chungwa. Na kabati la zamani likifunguliwa."

Shira ya lozi ilimrudisha kwenye mafuta ya nywele ya mama yake mzazi, akashangaa machozi yakimlengalenga. Baba Pacha aliandika kila neno. Kisha akachanganya kidogo, akanywa, akatikisa kichwa.

"Nasikia baridi, tamu, chachu, basi. Kama redio inayokoroma. Niambie wewe."

Akamwambia: punguza ndimu, inalifokea nanasi. Siku ya nne alijikuta akiingoja saa ya kunusa, na kufurahia huko kulimtia hofu kuliko vichupa vyenyewe. Siku ya tano mlango ukagongwa.

"Hodi! Kiongozi, upo?"

Ni mwimbaji mwenzake. Mama Pacha akatupia vichupa kitambaa cha gauni la mteja, akafungua mlango nusu.

"Mh! Mnanukia humu! Mnaoka keki?"

"Tunajaribu," alisema Mama Pacha. Akaufunga mlango. Hajawahi kumdanganya yule dada hata kwa jambo dogo la mazoezi.

Kulikuwa na jambo moja aliloliweza bila hofu. Chupa za shira Kwa Vinyago zote ni za kioo kizito cha kijani, na hazibandikwi karatasi kwa sababu maji ya barafu huibandua. Hutambuliwa kwa uzi uliofungwa shingoni. Nyuzi zilikuwa zimechakaa, naye akamkatia mumewe mpya, pale dirishani, mchana kweupe: nyekundu ya mdalasini, njano ya pasheni, bluu iliyoiva ya lozi, nyeusi ya nazi.

"Hii ya nazi isichanganyike na nyingine," Baba Pacha alimwambia. "Bosi hagusi nazi. Siku moja ilimvimbisha koo, akalazwa."

Jumamosi saa tisa alasiri, kabla baa haijafunguliwa, Mama Pacha alikanyaga Kwa Vinyago kwa mara ya kwanza. Walikuwa wamepatana. Angekaa kaunta kama mgeni, awekewe kikombe chake cha kunusa, na akisikia kasoro akohoe. Ndani hakukuwa na dirisha hata moja, taa tu, nyekundu na hafifu, na zile sura za ukutani zikimwangalia kama zimepewa habari zake.

Bosi alikuwa mama mpana mwenye sauti ya kengele. "Karibu wifi yangu! Leo umekuja kututubisha?"

"Nimekuja kuona kaka yako anakopotelea."

"Umemwona! Chapuchapu, mpe wifi juisi ya nanasi, isiyo na dhambi."

Ikaja katika kikombe chenye uso uliokunjamana. "Huyu naye kanyimwa nini?" Mama Pacha akauliza, wakacheka wote.

Baba Pacha akaanza. Mikono yake haikuwa na shida. Ramu mbili, ndimu, nanasi, akainua chupa, akatazama uzi, akamimina, akatikisa mpaka chombo kikatoka jasho la baridi. Akachovya mrija, akaonja, akaitikia kwa kichwa kama anayejua. Akamimina vikombe viwili, akavikunia kungumanga, kimoja kwa bosi, kimoja mbele ya mkewe.

Mama Pacha akainamisha uso. Ndimu ikaja. Nanasi likaja, na ile sukari iliyoungua. Akangoja mafuta ya nywele ya mama yake. Kikaja kitu kingine, laini, kizito, cha mafuta pia, lakini si kile.

Akakohoa.

Baba Pacha akamtazama, akatazama ndimu, akatazama barafu. Hakuelewa. Mkewe akakohoa tena. Bosi alikuwa amekwishainua kikombe, mdomo umefunguka.

"Usinywe! Hiyo ni nazi!"

Mama Pacha hakujua amesimama saa ngapi. Mkono wake ulikipiga kikombe, kinywaji kikatapakaa kaunta nzima. Bosi akachovya kidole, akanusa, na rangi yote ikamtoka usoni.

Chapuchapu aliwasha tochi ya simu, akazimulika zile chupa mbili, ya lozi na ya nazi. Penye mwanga ule mweupe nyuzi zilitengana, moja bluu, moja nyeusi. Alipozima, zote zikawa nyeusi.

"Kosa langu," Mama Pacha alisema. "Nyuzi ni zangu. Nilizichagulia dirishani."

Hilo lilikuwa kweli, na lingetosha kuwafunika. Lakini bosi hakuwa akimtazama yeye.

"Huyu hunusa kila chupa kabla ya kumimina. Miaka kumi na minne namwona. Leo pua ilikuwa wapi?"

Mama Pacha alifumba macho. Aliomba, asijue hasa anaomba nini.

"Haipo, bosi," Baba Pacha akasema. "Wiki ya nne sasa. Nilikuficha."

"Ungeniua."

"Najua."

"Pua ni ugonjwa, sikulaumu. Nakulaumu kwa huo mdomo ulioufunga." Akanyoosha mkono. "Vua aproni."

Akaivua, ikapewa Chapuchapu, ambaye aliipokea huku akitazama sakafu. Kaunta ikawa yake. Kuanzia Jumatatu Baba Pacha angekamua ndimu na kupika shira chumba cha nyuma, kwa mizani, mpaka daktari aandike kwamba amepona. "Na asipoandika, tutakaa tuongee," bosi alisema, na hakueleza wataongea nini.

Kisha akataka kinywaji kitengenezwe tena. Chapuchapu akachanganya, Baba Pacha akimtajia vipimo akiwa upande wa wateja, na Mama Pacha akinusa kila chupa kabla haijainamishwa. Bosi alikunywa mpaka mrija ukakwaruza barafu.

"Kinaingia kwenye orodha," akasema, akaenda zake ofisini.

Nje jua lilikuwa bado kali. Walitembea mpaka kona ya pili.

"Ungekohoa tu mara ya tatu," Baba Pacha akasema. "Labda ningeshtuka."

"Na kama usingeshtuka?"

Baba Pacha akapangusa shira iliyomgandia vidoleni.

"Ningepiga kelele hata kama angekufukuza palepale. Ulijue hilo. Na kesho baada ya ibada namfuata yule dada, namwambia haikuwa keki."

"Atakusema."

"Aseme." Akauingiza mkono wake kwenye kwapa la mumewe. "Naogopa, Baba Pacha."

"Hata mimi," alisema, wakavuka barabara.