Mwanya wa Semboja

Nyumba ya walimu pale Kwamsisi ilipokaribia kuezekwa, watu walipita kuitazama kama wanaokwenda kumwona bibi harusi. Wote waliishia kusimama mahali pamoja: katikati ya ukuta mrefu wa mbele, penye mwanya ulionyooka kutoka msingini hadi juu, upana wa kidole gumba. Kila upande wa mwanya ilisimama nguzo nene ya matofali, imetokeza kama goti la mtu aliyeketi.

"Binamu!" Kibwana alipaza sauti isikike hadi kisimani. "Yalikuishia matofali, au yalikuishia macho?"

"Huo ni mlango wako," Semboja alimjibu huku akisawazisha udongo kwa mwiko. "Kwa ukonde huo utapita bila kugeuka ubavu."

Watu walicheka, na Semboja naye alicheka. Asiyecheka alikuwa mama yake, Bi Chausiku, mfinyanzi ambaye mitungi yake ilinywewa maji hadi Handeni mjini. Katika ukoo ule mtungi wenye ufa haukuuzwa wala haukugawiwa jirani; ulivunjwa nyuma ya nyumba kabla jua halijauona.

Semboja alikuwa ameondoka kijijini angali kijana kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe. Hakukata mkonge. Alimkorogea saruji fundi Ernesti, Msambaa mmoja mpole aliyejenga nyumba ndefu za wafanyakazi. Ernesti ndiye aliyemfundisha uashi, na neno alilopenda kulirudia lilikuwa hili: "Ukuta mrefu ni kama mtu aliyelala. Mnyime pa kujigeuza, atapasua shuka." Kwa hiyo ukuta mrefu aliukata kwa mwanya, akaujaza mwanya huo kamba ya katani iliyochovywa lami ili usipitishe maji, kisha akaweka nguzo huku na huku, kila nusu isimame kwa miguu yake. Jua likiwaka au udongo ukivimba kwa mvua, ukuta unajinyoosha na kujikunyata, wala hakuna anayejua.

Watu walipokusanywa katika kijiji cha ujamaa, Semboja alirudi kwao kwa hiari. Mwenyekiti, Mzee Mhina, alimkabidhi nyumba ya walimu kwa maneno machache: "Ndugu Semboja, ikivuka masika salama, kila kaya hapa itajengewa nyumba ya tofali na wewe ndiwe utakayeongoza. Isipovuka, tutarudi kwenye miti na udongo, na usinitafute." Semboja hakuwa amepata kutamani kitu namna ile. Alitaka kuzeekea katika kijiji alichokijenga mwenyewe.

Kulikuwa kumebaki milango na ile katani. Akaenda kuvifuata Korogwe ya zamani, kule karibu na Mto Pangani, na mizigo ikamchelewesha.

Aliporudi, vigelegele vilimpokea njiani. Kina mama walikuwa wameipaka nyumba chokaa, na ukuta wa mbele uling'aa, mzima kabisa. Bi Chausiku alikuwa amechanganya udongo wake wa mitungi na saruji iliyosalia, akauziba mwanya kwa mkono wake na kuusugua kwa jiwe lake laini hata mahali pake pasionekane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tazama. Nani atakucheka tena?"

Mikono yake ilikuwa bado myeupe kwa chokaa, na uso wake ulikuwa na raha ambayo Semboja hakuwa ameiona tangu baba yake azikwe. Akaishusha ile kamba ya katani chini polepole. "Ukuta umependeza, mama," alisema, na kweli ulikuwa umependeza. Moyoni alijiambia kwamba ataufungua mwanya taratibu, siku ambayo mama yuko shambani. Lakini kulikuwa na milango ya kutia na mabati ya kupigilia, na masika hayakumngoja.

Ule udongo mweusi wa Kwamsisi ulivimba. Ukuta ukatafuta pa kujigeuza, usipate. Asubuhi moja ufa ulionekana, umeanzia pembe ya dirisha na kupanda kwa ngazi ngazi kufuata viungo vya matofali, hadi darini.

Watu walijaa uani. Safari hii hata Kibwana hakutania.

"Fundi," alisema Mzee Mhina, "tueleze."

Semboja alitazama ufa, akatazama miguu yake. Neno moja tu lingemwokoa, nalo lilikuwa jina la mama yake. "Kazi ni yangu, Mwenyekiti," alisema. "Na ufa ni wangu."

"Basi fundi tutamtafuta Tanga, au tukate miti."

"Mhina!" Bi Chausiku alipenya katikati ya watu, kitenge kimekazwa kiunoni, mkononi kisu chake cha kukwangulia vyungu. "Usimtafute mtu. Mwanangu aliacha mwanya, mimi nikauziba. Niliona haya kwa ajili yake." Hakuinamisha kichwa. "Mimi mfinyanzi! Najua chungu kikikosa nafasi ya kukauka hupasuka, na bado nikamnyima ukuta nafasi."

Akapiga magoti mbele ya watu wote, akaanza kukwangua. Semboja alichuchumaa kando yake, akachukua mwiko.

"Kwa nini hukunikemea?" mama alinong'ona.

"Ulikuwa umefurahi, mama."

Mzee Mhina aliomba timazi, ule uzi wenye kizito wa kupimia wima, akalining'iniza kwenye nguzo moja, kisha kwenye ya pili. Uzi ulikaa sawasawa. Hakuna nusu iliyokuwa imeinama hata kidogo.

"Nguzo zimeshika," alisema hatimaye. "Ziba ufa, fungua mwanya. Kisha uje tupime kiwanja cha kaya ya kwanza."

Kiangazi kile ukuta wa kwanza wa kaya hiyo ulipopanda, Bi Chausiku alikaa kwenye mkeka kando ya mwanya wake, akisokota kamba ya katani pajani. Kibwana alipopita na ndoo ya udongo, akielekea kwingine kabisa, alimnyooshea kile kisu cha vyungu.

"Mbali huko, mwana wa wifi yangu! Huu unapumua."