Treni za Shangazi Meno

Watoto wa kaka yake ndio waliompachika jina la Shangazi Meno, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki. Wagonjwa hawakumwona. Daktari alimletea taya la plasta, naye akashinda nalo, akipiga msasa jino moja moja hadi lifanane na la kuzaliwa nalo.

Hakuolewa. Kaka yake alipohamishwa kikazi, watoto wake wawili, kijana na binti, walibaki kwa Shangazi wasome, na ndipo akanunua kompyuta na kufungua akaunti ya familia ya michezo ya kompyuta. Mmoja akinunua mchezo, wote wanaucheza. Kijana alipooa alijitoa, akafungua familia yake. Akabaki binti. Hata alipoolewa na kuhamia mji mwingine, jina lake liliwaka kijani pembeni mwa skrini kila jioni. Hawakuandikiana sana. Shangazi alijua tu kwamba yupo, ameshakula, ametulia anacheza.

Jumapili moja mchana binti akapiga simu.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Leo umenikumbuka?"

"Nina jambo, naona hata aibu. Mume wangu ana familia yake kwenye akaunti, anataka niingie huko. Na mfumo haukubali mtu awe kwenye mbili."

"Sasa aibu ya nini? Jitoe. Mke wa mtu, bado umeganda kwangu unafanya nini?"

Wakacheka. Binti akajitoa hapo hapo, simu ikiwa sikioni. Jina likafutika.

"Lakini bado tuko pamoja, Shangazi?"

"Tuko pamoja. Msalimie mwenzio."

Alipokata simu, Shangazi akafungua mchezo wake wa kujenga reli. Haukufunguka. Mahali pa kitufe cha kuchezea paliandikwa: Nunua. Akadhani kakosea, akazima kompyuta, akaiwasha tena. Nunua. Ndipo akakumbuka kuwa aliyeununua ni binti, enzi zile za shule, akamwambia, "Huu utakufaa, wewe una subira." Miaka yote hiyo Shangazi aliuhesabu kuwa wake.

Akashika simu, akaiweka. Akimwambia, mtoto atajiona amekosa, pengine atake kurudi, na mumewe ashangae ni mambo gani haya. Akaununua mwenyewe, kimya kimya.

Reli ilikuwa palepale alipoiacha. Stesheni bado zilikuwa na majina aliyoyabandika binti: Kwa Babu Kibogoyo, Njia Panda ya Magego. Treni zikaondoka, zikapita madarajani, zikasimama, zikaondoka tena. Kwenye orodha ya familia lilibaki jina moja, lake mwenyewe.

Akaongeza sauti, akaziacha zikizunguka, akaenda jikoni kuosha vyombo. Ilikuwa sahani moja na kikombe. Aliviosha taratibu, akisikiliza honi sebuleni.