Andika Sita, Usiandike Saba

Kuna siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, siku niliyokaa kwenye meza ya cherehani kule Biwi, mtaa wa Lilongwe, nikaandika namba ya uongo mbele ya jina la mtu mwingine. Sikuwa nimelewa. Sikuwa na njaa. Nilikuwa kijana mwenye akili zake timamu, na kalamu nilikuwa nimeishika vizuri. Nakuletea habari hii leo kwa sababu jana wewe na wenzako mliniachia fomu yenu ya kwenda kupanda miamba Hispania, niitie sahihi kama mzee wa kikundi chenu. Nimeisoma mara mbili. Nimekasirika, na usitafute neno la kunipooza.

Wakati ule nilikuwa nimetoka Fizi, Kongo, nimekaa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka miaka michache, na kazi ya kushona niliipata mjini Lilongwe kwa fundi mmoja Mmalawi. Tulikuwa wawili pale kutoka kambini, mimi na Furaha, binti wa Uvira, mwembamba, mwenye mkono mwepesi kwenye mkasi. Nguo za kwaya za makanisa mengi ya kambi alizikata yeye. Mteja wetu mmoja alikuwa Mhispania aitwaye Martín, fundi wa pampu za maji, aliyetuletea mifuko yake ya kamba iliyochanika. Njo huyo alitupeleka mara ya kwanza kwenye miamba ya upande wa Nkhoma, akatufunga mikanda kiunoni, akatufundisha kupanda, na kumshikia mwenzako kamba wakati yuko juu. Tulipenda mno. Wiki nzima umeinama juu ya cherehani, halafu Jumamosi unasimama juu ya jiwe, upepo unakupiga usoni, mashamba ya mahindi yako chini yako, na hakuna mtu anayekuuliza kitambulisho.

Wewe unajua hesabu ya ugumu wa njia, lakini niiseme tena, maana inaonekana mmeisahau. Njia ya nne ni ya mwanafunzi. Ya tano inataka akili. Ya sita inataka akili na mikono. Ya saba ni ya watu waliolala na kuamka na kazi hiyo miaka mingi. Sisi tulipanda za tano, na siku ya heri ya sita, ile ya mwanzo mwanzo. Tulikuwa watu wa katikati. Hapakuwa na aibu yoyote hapo, ila mimi niliiona.

Martín akarudi kwao. Baada ya miezi akatuandikia kwamba kikundi chake kinatualika wiki mbili, safari na chakula juu yao. Ndani ya barua kulikuwa na fomu waliyotutafsiria kwa Kifaransa, na mimi njo nilikuwa najua Kifaransa, kwa hiyo niliijaza kwa ajili yetu wote wawili. Ilikuwa na maswali mawili makubwa. Kila mmoja wenu anapanda njia ya ngapi, akitangulia mwenyewe na kamba? Na kati ya mahali hapa pawili, mnachagua wapi? Walikuwa wameeleza vizuri kabisa. El Chorro, kusini, njia za tano na sita ni nyingi mno, vyuma vya kupitishia kamba vimepigwa karibu karibu, ukishindwa na moja unahamia ya jirani. Rodellar, kaskazini, ni mapango, mwamba umekuinamia juu ya kichwa, na sifa yake kubwa ni njia za saba kwenda juu. Mtu mwenye akili angejua pa kwenda kabla hajamaliza kusoma.

Lakini wewe umezaliwa hapa, unajua tunavyojaza fomu. Mtu akitoka ofisi ya wakimbizi, nje wapo ishirini wanamngojea: balikuuliza nini, ulijibu nini? Akikubaliwa kuhamishiwa ng'ambo, jibu lake linakuwa jibu la mtaa mzima, na kesho watu wote wamezaliwa kijiji kimoja na wana ugonjwa mmoja. Nami nikafanya vilevile. Nikaenda kwa jirani yetu Mnyarwanda aliyewahi kuchaguliwa kwenda masomo ng'ambo, nikamwonyesha fomu.

Akaicheka. "We usijiandike katikati," akaniambia. "Hapa mwenye yuko mubaya kabisa banamusaidia. Mwenye yuko hodari banamuchagua. Wa katikati anabakiaka. Andika saba, na uchague pale pagumu, baone uko mutu wa maana."

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo ninapochemka. Yule jirani hakusema uongo. Maisha ya kambi ndivyo yalivyotufundisha, na mimi nina hasira na yeyote aliyepanga dunia hivi, kwamba mtoto wa watu apewe nafasi akiwa anakufa au akiwa malaika, na aliye mzima wa kawaida akae kwenye foleni mpaka mvi zimtoke. Hasira hiyo ninayo na sitaiacha. Lakini Martín hakuwa ofisi. Martín alikuwa rafiki aliyetaka kujua atupeleke wapi tufurahi. Nikamjibu rafiki kwa mdomo ninaojibia dirishani pa ofisi.

Furaha aliniuliza, mkasi ukiwa mkononi, "Mi umeniandika ngapi?"

"Saba."

"Saba? Mi hata sita inanishindaka. Na kule kwa rahisi, hatuendi?"

"Nyamaza. Unataka kwenda ao unataka kubaki?"

Akarudi kwenye kitambaa chake. Unajua kwa nini alinyamaza? Kwa sababu nilikuwa mkubwa kwake kwa miaka miwili na nilijua Kifaransa. Wazee husema mchagua jembe si mkulima, na kwa mtu mvivu ni kweli. Lakini mkulima akipewa jembe la mpini mrefu kuliko yeye, anayo haki ya kusema hapana, na mimi nilimnyima mwenzangu haki hiyo.

Tukaenda. Karatasi za kusafiria tulizingojea mpaka tukakata tamaa, zikaja, tukaenda. Sitakudanganya, Rodellar ni pazuri. Mto uko chini, mwamba ni wa rangi ya majivu na ya machungwa, na watu wanapanda darini kama mijusi. Siku ya kwanza hatukugusa kitu. Siku ya pili hatukugusa kitu. Martín alituangalia kwa mshangao, maana fomu ilisema saba. Siku ya tatu akaniita pembeni kwa upole. Akasema kuna njia fupi nyepesi mahali fulani, twende tukaanzie huko, hakuna atakayetucheka. Furaha alikwisha kuokota kamba. Mimi nikasema hapana, leo napanda hii, na Furaha atanishikia. Martín alitaka anishikie yeye. Nikamkatalia na hilo, ionekane kwamba kwetu tumezoea.

Nilifika chuma cha tatu. Misuli ya mikono ilikuwa imevimba kwa kuchoka, vidole havifungi tena. Nikavuta kamba nyingi juu niipitishe kwenye chuma cha nne, na kabla haijapita nikaachia. Nilianguka na kamba yote ile niliyoivuta. Mimi nilikuwa mzito, Furaha alikuwa mwepesi. Kamba ilimnyanyua kutoka chini ikamtupa kwenye mwamba, naye akatanguliza mkono wa kulia ili uso usipigwe. Mkono wa kushoto haukuiachia kamba, mwanangu. Njo maana niko hai nakuandikia.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mguu wangu uko mzima. Uliovunjika ni mkono wa mtu aliyeomba twende kwenye njia nyepesi.

Madaktari wa kule walimtibu vizuri, lakini kiungo cha mkono hakikurudi kama zamani. Mkasi wa kitambaa kizito ulimshinda tangu siku hiyo. Leo ana kibanda cha vitenge mtaa wa Area 25, Lilongwe, anauza vilivyokatwa na wengine. Tukionana ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za watoto. Angenitukana ningepumua.

Tuliporudi kambini nilikwenda kwa mama yake. Nilijua nitapigwa kelele, nilitamani nipigwe kelele. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga.

"Mutoto wangu alikuomba muende kule kwa rahisi?"

"Ndiyo, mama."

"Ukamukatalia."

"Ndiyo, mama."

"Sababu gani?"

"Niliogopa batatuona badogo."

Hapo njo akaweka mchi chini. "Banakuuliza unaweza nini, we unajibu unataka nini. Basi ungejidanganyia yako. Jina la mutoto wangu, nani alikupatia?"

Nimelitafuta jibu la swali hilo kwa zaidi ya miaka ishirini na sijalipata.

Sasa njoo kwenye fomu yenu, mliyoletewa na kikundi kile kile cha Martín. Mmechagua Rodellar. Mko watano, na mbele ya majina yote matano kuna saba, mwandiko mmoja, wa kwako. Neema naye ni saba. Neema ambaye Jumamosi iliyopita nilimwona kwa macho yangu analia kwenye njia ya tano, mguu unatetemeka, na wewe mwenyewe ulimwambia ashuke. Ulimuuliza kabla ya kuandika? Au alinyamaza kwa sababu wewe ndiye katibu wa kikundi? Naijua saba ile: ndiyo niliyomwandikia Furaha, hata kama mkono ni wako.

Kuna mahali duniani, mwanangu, ambapo wa katikati hafukuzwi. Miamba iko pale, njia zimefunguliwa, vyuma vimesogezwa karibu, watu kama ninyi wanatoka mbali wanapanda mchana kutwa, jioni wanakula wakicheka. Mara moja katika maisha mtu anawauliza kama mnataka kwenda huko, na mnajibu hapana, tupelekeni tukaaibike. Sijui niite nini upumbavu huu. Mimi niliufanya bila mzee wa kunikataza. Ninyi mnaye.

Nasaha yangu ni hii. Ukichagua pa kupanda, anza na aliye dhaifu kati yenu, si aliye hodari. Tafuta mahali penye njia nyingi za kiwango chake na za kiwango kimoja chini, maana mgeni siku za kwanza hupanda chini ya uwezo wake. Uliza vyuma vimeachana kiasi gani. Uliza msimu, kwa sababu kusini kule kiangazi jua huchoma mwamba hata kuushika ni adhabu, basi ombeni miezi yao ya baridi. Mwepesi asimshikie mzito bila kufungwa kwa kitu kisichonyanyuka. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na namba ya mtu aiandike mwenyewe. Ukikaa dirishani pa watu wasiokujali, sijui nikushauri nini, kila mtu na dhamiri yake. Lakini rafiki akikuuliza unaweza nini, mwambie unachoweza. Andika sita. Kama ni tano, andika tano.

Fomu inatakiwa Ijumaa. Sijaitia sahihi, na hii sitaitia. Nimeomba nyingine, tupu. Njooni wote watano kesho baada ya ibada ya asubuhi, na kalamu ataishika Neema kwanza.

Mungu awape vidole vya kushika, na awape mdomo wa kusema "hapa siwezi" mbele za watu. Awafikishe kwenye mwamba unaowatosha, awashushe salama, awarudishe Dzaleka watano kama mlivyoondoka, na mama zenu wahesabu mikono kumi mizima.